Cucu na Raba Nyekundu za Wambui

Jumamosi jioni, Ruiru.

Asubuhi ilianza na baridi yetu ya Julai na manyunyu ya kuudhi. Sasa mbingu ni safi, sauti yangu imekauka kwa vigelegele na nywele zinanuka moshi wa nyama. Nina furaha. Wacha niandike sasa hivi, maana kuanzia kesho shangazi zangu watasimulia siku hii, kila mmoja kivyake, na mimi mwenyewe nitasahau ilivyokuwa.

Leo ilikuwa ruracio ya dada yangu Wambui. Watu wa Karanja walitoka Thika kuleta mahari. Na hadi wanafika getini hakuna aliyejua kama cucu, yaani bibi yetu, angetoka chumbani.

Wambui ndiye kifungua mimba, kwa hivyo alipewa jina la mama yake baba, kama desturi yetu ilivyo. Cucu ni Wambui, dada ni Wambui, na wote ni wafupi, wabishi na hawapendi kukatizwa wakiongea. Kwa cucu, Wambui akiolewa ni jina lake linalohama nyumba.

Karanja alipatikana kwenye moshi. Mwaka ule vijana walipoingia barabarani kupinga kodi, Wambui alikuwa Thika mjini na bendera mgongoni. Vitoa machozi viliporushwa alikimbia, kiatu kimoja kikabaki huko huko. Kijana asiyemjua alimshika mkono, akamwosha macho kwa maji ya chupa na hakumwachilia mpaka alipopata gari la kurudi nyumbani. Siku chache baadaye akamletea raba mpya, nyekundu kama nyanya. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kusindika matunda huko Eneo la Viwanda, na sidhani mshahara wake ulizifurahia hizo raba. Cucu aliposikia hadithi hiyo aliomba irudiwe. Mwanamume asiyekuacha kwenye moshi, alisema, huyo apikiwe.

Basi akaja nyumbani, tukampikia. Cucu akamuuliza swali ambalo kila cucu wa huku humuuliza mgeni: wewe ni wa nani? Kijana aliyelelewa vizuri hujibu kwa kutaja watu wake mpaka kule nyuma kabisa. Karanja alilelewa vizuri kupita kiasi. Alimtaja baba, akamtaja guka, yaani babu yake, akamtaja baba ya guka pamoja na kijiji walichokaa zamani, na akatabasamu.

Cucu aliweka kikombe chini, akatoka kwenda kulisha kuku. Kuku walikuwa wameshalishwa.

Mimi ni mwalimu wa historia. Mapinduzi ya Ufaransa, ya Urusi, ukuta wa Berlin kuanguka, yote hayo nayamaliza kwa chaki moja bila kutoka jasho. Hata Hali ya Hatari yetu wenyewe, ile ya wakati wa mkoloni, naifundisha, kisha napeana zoezi. Lakini jioni hiyo, jikoni, cucu alitueleza kitu ambacho hakuwahi kukitamka tangu tuzaliwe, na chaki yangu haikunisaidia.

Alikuwa msichana mdogo. Wazungu waliwapanga laini uwanjani, kijiji kizima. Kisha akapitishwa mbele yao mtu aliyefunikwa gunia kuanzia kichwani, lenye matundu ya macho tu. Walimwita gakunia. Alikuwa mwenzao, ila hawakuweza kujua ni yupi. Akitikisa kichwa mbele yako, umekwisha. Alitikisa mbele ya baba yake cucu. Akapandishwa lori na hakurudi tena. Wanakijiji wote waliamini kwamba ndani ya lile gunia alikuwa mmoja wa ngati, wale walinzi Waafrika waliotumikia serikali ya mkoloni. Ngati huyo ndiye baba ya guka wa Karanja.

Hakuna aliyeuona uso wake. Hilo ndilo lililomkaa cucu rohoni miaka yote.

"Jina langu haliingii nyumba hiyo," alisema.

Baba naye akakataa kupokea wageni ikiwa mama yake hajakubali. Miezi ikapita. Wambui akakonda. Karanja angeweza kumtorosha, wengi hufanya hivyo, lakini aliendelea kutuma salamu kwa cucu na cucu akaendelea kutozijibu. Mwisho cucu akalegeza kidogo: waje, ila yeye atakaa chumbani na mbuzi wao hatamwonja. Baba akashusha pumzi. Wambui hakushusha. Aliniuliza ataolewaje na jina lake limejifungia chumbani.

Leo asubuhi cucu aliniita, akaniomba raba nyekundu za Wambui. Alisema miguu inapata baridi. Nikampelekea, nikarudi kwenye viazi vya mukimo. Sikuwaza lolote.

Wageni walikuja wakiimba. Tukawafungia geti kama inavyotakiwa, tukawauliza wamepotea njia au vipi, tukaringa, tukafungua. Kisha ikafika ile sehemu ninayoipenda: bwana harusi kumtambua mtu wake. Tuliingia ndani wanawake wa rika zote, tukajifunika leso kuanzia kichwani hadi kwenye vifundo, tukatoka nje tumepangwa laini. Akikosea, analipa faini.

Mimi nilikuwa katikati. Kuna mtu mfupi alijipenyeza kando yangu, akanishika mkono. Nikasikia harufu ya ugoro wa cucu.

Nilitaka kupiga kelele. Alinifinya kidole ninyamaze.

Kupitia leso nilimwona Karanja akija pole pole. Alipita shangazi, akanipita mimi. Mbele ya cucu akasimama, akaangalia chini. Ncha ya raba nyekundu ilikuwa inachungulia chini ya leso. Cucu alikuwa ameitoa makusudi, huyo mama!

"Ni huyu," Karanja akasema. "Hizo raba nilimnunulia mimi."

Cucu akaivuta leso mwenyewe. Watu wote chini ya hema la wageni wakainuka, kwa sababu pande zote mbili zilijua habari ya lile gunia. Hata mpishi aliacha kukoroga.

"Siku ile sisi tulikuwa uso wazi, na anayechagua ndiye alifunikwa," akamwambia kwa Kikuyu, bila haraka. "Leo nimejifunika mimi. Nilitaka mtu wa nyumba yenu anichague nikimwona uso."

Karanja alipiga magoti kwenye nyasi zilizoloa, na suti yake ya kukodi. Machozi yakamtangulia maneno. Mwishowe alisema tu, "Cucu, nimekosea."

"Nimeona," cucu akamjibu. "Faini utalipa."

Kisha akacheka. Cucu wangu akacheka mpaka akanishikilia bega asianguke, na wanawake wa pande zote mbili wakapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika hadi mtaa wa Kahawa Sukari. Baba alitoka akaenda nyuma ya tangi la maji. Tukamwacha huko alie kwa heshima.

Kumtafuta Wambui kulikuwa rahisi baada ya hapo. Kwenye ile laini kulikuwa na leso moja tu inayotetemeka kwa kwikwi.

Cucu alikula mbuzi. Aliomba supu, akaongezwa, akalalamika chumvi ni kidogo, nasi tukajua amepona. Alicheza pia, hatua chache tu, mbele ya watu wa Thika, raba zikimeta. Bado anazo miguuni ninapoandika. Wambui anasema hazitaki tena.

Tulidhani wanawake wangedai soda na leso mpya, kama kawaida. Lakini cucu alisema yeye ndiye aliyechaguliwa vibaya, kwa hivyo faini ni yake kuipanga. Akaitangaza mbele ya wote: Jumapili ya wiki ijayo Karanja aje peke yake, anywe chai, aanze upya kumwambia yeye ni wa nani. Asiruke mtu. Hata yule.

Sijui kama amesamehe. Sijui hata kama hilo ndilo neno lenyewe, na kesho nitakuwa nimechoka mno kulitafuta. Ninachojua ni kwamba ameuliza tena, na safari hii anataka kusikia mpaka mwisho.

Jumapili hiyo nitaamka mapema, niwalishe kuku mimi mwenyewe.