Klavie Imefungwa Mpaka Faustin Aseme

Alhamisi. Wingu limekaa juu ya Bunia tangu asubuhi, halitaki kunyesha wala kuondoka. Wiki nzima hatujasikia risasi hata upande wa milimani, na watu wa mtaa wetu wa Rwambuzi wamerudi kugombana kwa ajili ya kuku na mipaka ya ua. Kwangu hiyo ndiyo amani. Mtu anapata nafasi ya kumchukia wa nyumbani mwake.

Mimi ninamchukia Faustin.

Faustin ni mdogo wa mume wangu. Alikuja kwetu wakati njia ya kwao ilipoharibika kwa vita, akasema atakaa mpaka hali itulie. Hali imetulia kidogo. Yeye ametulia kabisa. Anatumia kompyuta yangu kama kijiko cha nyumba.

Ndani ya kompyuta hiyo nilihifadhi sauti ya baba. Kabla hajafa nilimketisha uani, nikamwomba aite ng'ombe zake, wale walioenda na vita. Akawaita mmoja mmoja kana kwamba wanarudi kutoka malishoni: Bihogo, Gaju, na wengine wengi, kila mmoja na sifa zake. Katikati alicheka. Ng'ombe hawapo, baba hayupo, ilibaki ile sauti.

Mwezi uliopita niliitafuta, sikuikuta. Mahali pake palikuwa na filamu za kupigana.

"Ni virusi, Shemeji," Faustin aliniambia, macho kwenye sahani. "Virusi inapenda vitu vya zamani."

Nilimwongezea mboga ya sombe. Nikangoja.

Wiki hii ikatoka nafasi ya kazi kwenye shirika moja la misaada, na mwisho wa kutuma dosye ya maombi ni kesho. Hapa mjini mwenye akili haandiki barua ya kazi kwenye duka la kuchapa barabarani. Anayengoja nyuma yako anasoma tangazo juu ya bega lako, na kesho mnaitaka wawili. Kwa hiyo Faustin ni lazima aandikie nyumbani, kwenye mashini yangu, mlango ukiwa umefungwa.

Sasa, nina programu ndogo ya kufunga klavie, kile kibao cha herufi. Niliiweka zamani kwa sababu ya kuku wa Mama Mukwe, wanaopenda kutembea juu ya herufi. Ninabonyeza vitufe fulani vitatu pamoja, na herufi zote zinakufa. Picha unaziona, filamu unazitazama, lakini hata nukta huandiki. Ukizima na kuwasha, ni vilevile, mpaka vitufe vile vitatu vibonyezwe tena.

Jumanne nilifunga.

"Shemeji! Klavie imekufa!"

"Virusi," nilisema. "Si weye ulinifundisha? Imerudi."

Alipuliza kati ya herufi. Aligeuza mashini juu chini, akaipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Jana akaleta fundi kwa pikipiki. Fundi akatazama kwa heshima kubwa, akasema ni vumbi la Bunia, klavie nyingine itoke Kampala. Nilimshukuru fundi yule kwa moyo wote.

Leo asubuhi Faustin alikuwa karibu kulia. Ndipo nikamwambia Mama Mukwe, polepole, kwamba labda hili si jambo la fundi. Basi. Sikuongeza neno. Ninawajua wamama wa maombi wa kanisa letu: hawaombei kitu chochote kabla kila mtu wa nyumba hajaungama.

Walikuja mchana, wakaweka mashini mezani juu ya kitambaa cheupe. Mama Mukwe aliungama chuki yake kwa jirani kwa ajili ya bomba la maji. Mume wangu aliungama bia, jambo ambalo hakuna aliyeshangaa kulisikia. Mimi niliungama hasira, na sikudanganya. Ikafika zamu ya Faustin.

"Sema, mutoto," kiongozi alimwambia. "Kile unaficha ndiyo inafunga mashini."

Akasema. "Ni miye nilifuta sauti ya muzee. Virusi haikukuwa. Nilikosa nafasi ya filamu."

Maneno hayo niliyangojea kama mvua. Lakini akaongeza mengine, ambayo sikuyaomba.

"Nilisikiliza kwanza. Nikaona ni ngombe tu."

Ni ngombe tu.

Wakaanza kuomba, macho yamefumbwa, mikono juu ya mashini. Mkono wangu pia. Ningeweza kuiacha imekufa mpaka kesho ipite na kazi ipite nayo. Vidole vilikaa juu ya vitufe vile, vikakaa sana. Kisha nikafikiria jambo bora zaidi, nikabonyeza.

"Jaribu," kiongozi alisema. Faustin akagusa herufi moja, ikatokea. Mama Mukwe alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Ninaandika haya kwa simu. Ninamsikia chumbani akigonga barua yake. Aandike. Akipata hiyo kazi, wampeleke mbali.

Lakini muujiza kwetu haunyamaziwi. Wamama wameshamwandalia nafasi ya ushuhuda Jumapili, na hawezi kueleza klavie ilivyofunguka bila kueleza alichofuta. Benchi za mbele hukaa wazee waliochunga pamoja na baba, ambao ng'ombe zao nao walienda na vita. Awaambie wao, kwa mikrofoni, kwamba ni ngombe tu.

Sauti haitarudi. Ninalijua hilo.

Kitenge changu nimeshakipiga pasi. Nitakaa pale atakaponiona.