Mstari wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Kikao cha kamati ya ukuta wa kumbukumbu kimekwisha saa sita. Msanifu — binti mdogo, mwerevu, asiyenyamaza — ametuarifu kwamba ukuta hautakuwa na vyeo wala sifa. Chini ya kila jina litachongwa jambo moja tu: marehemu alifuata nini katika jengo lile, asubuhi ile magaidi walipolilipua. Alikuja kupiga picha ya pasipoti. Alikuja kushonesha kiatu. Anataka mpita njia aone watu, asione orodha.

Wote wameafiki. Mimi, katibu, nimekabidhiwa kukusanya mistari arobaini na mmoja na kusahihisha tahajia. Nilishukuru. Kisha nikaomba radhi — sijui kwa lipi.

Mchana kutwa sikutulia. Nimepiga deki sebule mara mbili.

Jumatano, 6 Machi

Mistari thelathini na sita imefika. Mjane wa bawabu ameleta wake mkononi: "Alikuja kazini, kama kila siku." Akauliza wa mke wangu unasemaje. Nikamjibu kwamba bado nayapima maneno.

"Miaka kumi na mmoja, Katibu, bado unapima tu?" Akacheka, si kwa ubaya.

Basi niandike hapa, pasiposomwa na mtu. Marehemu mke wangu hakuwa na haja yoyote mjini siku ile. Miwani yangu mipya ilikuwa tayari kwa fundi wa miwani, ghorofa ya kwanza. Wiki moja kabla, nilikuwa nimemfokea fundi yule mbele ya wateja, kwa sababu ya mkwaruzo kwenye kioo, nikamwachia airekebishe. Haukuwa mkwaruzo. Ilikuwa alama ya kidole changu mwenyewe! Nikaona haya kurudi. Mimi, niliyelelewa na mapadre hata nikigonga kiti nakiomba samahani!

"Nenda wewe, mama watoto," nikamwambia. Akaenda. Fundi naye yumo ukutani.

Msibani, binti yetu aliniuliza, huku analia, kama mama yake alikuwa amefuata lesi ya gauni lake la harusi. Sikujibu. Ukimya wangu akauchukua kuwa ndiyo.

Ijumaa, 8 Machi

Binti yangu, Mama Pacha, amekuja na wanawe. Yeye alifunga ndoa kwa gauni la kazini. Lesi hajaigusa tena. Hata mapazia yangu ya lesi aliyang'oa mwenyewe.

Leo, akisugua sufuria, amesema bila kugeuka:

"Baba, mstari wa mama nimeshampelekea msanifu. Nimeona unasuasua."

Nikauliza unasemaje.

"Alikuja kumnunulia bintiye lesi. Uchongwe hivyo hivyo. Mzigo huu nimeubeba vya kutosha, sasa ubebwe na ukuta."

Nilifungua kinywa. Nikamuuliza kama angependa chai zaidi.

Mungu anisamehe.

Jumamosi, 9 Machi

Sijala. Nimepanga vitabu kwa urefu, kisha kwa rangi, kisha nikavirudisha. Nimemwandikia binti yangu barua tano. Zote zinaanza na samahani. Hakuna iliyofika kwenye nukta ya kwanza.

Jioni nimechukua karatasi ndogo. Maneno manne. Nimeikunja haraka, nisije nikaisahihisha.

Jumatatu, 11 Machi

Karakana ya fundi mawe. Vumbi, maji meupe chini ya msumeno, redio inapiga kelele. Naandika nikiwa nimeketi juu ya kreti.

"Alikuja" limechongwa mara arobaini na moja — neno hilo ni la wote. Mistari arobaini imekamilika. Wetu umebakizwa mwisho, kwa kuwa Mama Pacha aliomba aushuhudie ukichongwa.

"Mzee, hiyo miwani ya kufungwa uzi ni ya enzi gani?" fundi ananitania. "Nunua mipya, bwana, uone nilivyo mzuri!"

Tangu siku ile sijavaa mingine. Hilo sikumwambia. Nilimwomba radhi kwa usumbufu, nikamweleza kwamba huenda mstari ukabadilika.

Akajikuna kichwa. "Sasa nichonge upi? Jiwe halina kifutio, mzee wangu."

Nikamsihi angoje binti yangu afike.

Amefika. Pacha wamekimbilia kwenye rundo la kokoto. Akaniamkia — nami, badala ya kuitikia shikamoo yake, nikampa karatasi. Sijawahi kufanya hivyo maishani mwangu!

Alikuja kumchukulia mumewe miwani.

Anaisoma amenipa mgongo. Fundi amezima redio, patasi mkononi, anatutazama kwa zamu. Nami nimelifungua tena daftari hili ili nipate pa kuficha macho. Ni utovu wa adabu, najua.

Pacha mmoja anamvuta sketi: "Mama, imeandikwa nini?"

Mama yake bado anaitazama karatasi.

Maneno manne tu. Mbona hamalizi?