Dada Zuhura, Tumepamba Keki ya Salima

Dada Zuhura,

Binti yako Salima ameolewa. Nimeona nianze na hilo, maana ndilo ungeniuliza hata kabla hujaitikia salamu yangu. Ameolewa Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, na yule yule mwalimu wa kutoka Saza uliyemsifu kwamba anakula taratibu. Ndoa imefungwa hapo hapo nyumbani kwenu Tunduma, wanaume uani, wanawake ndani. Na keki ilikuwepo. Nitakueleza yote, usinihimize.

Mimi ni mtu wa kanisani, unajua, sijui dua mnazowasomea watu wenu. Siku ya mazishi yako nilikaa ndani na wanawake, nikaitikia amina kila walipoitikia, kama mtoto anayeimba wimbo asioujua maneno. Nilirudi nyumbani nikiona sijakuaga. Barua ndiyo naiweza. Baba Upendo ameniona natafuta kalamu, akauliza namwandikia nani. Nilipomtajia jina lako akanisogezea kiti karibu na dirisha penye mwanga.

Tangu uondoke, baba Salima hajaacha lori, ila safari za mbali amewaachia wengine. Akirudi jioni hupiga honi pale kona kama alivyokuwa akikupigia wewe. Halafu anakumbuka. Namwona anavyoondoa mkono. Dukani mambo ni yale yale: foleni ya sukari watu wanaipanga kwa mawe, kila mtu na jiwe lake, wenyewe wamekwenda shamba. Sabuni ikifika ni sherehe. Upendo wangu ameanza shule na anaandika jina lake kinyumenyume.

Unaikumbuka siku tuliyofahamiana? Tulikuwa tumehamia karibuni, baba Upendo amepata kazi ya stesheni, na mimi nimetoka moja kwa moja kwenye kahawa ya baba yangu kule Mbozi, simjui mtu. Ulikuja mlangoni kutafuta mayai. Ukaona nguo za ubatizo za mtoto kwenye kamba, ukauliza ni lini, na Jumapili hiyo ukaniletea keki nyeupe yenye maua ya waridi. Mtoto wa Kikristo, keki ya Mwislamu wa Tanga. Shangazi yangu alikataa kuikata, akasema ni kama kukata shada la maua. Nilipokuja kukuuliza ile sukari laini ya kupambia inauzwa wapi, ulicheka, ukanipa mchi.

"Twanga," ukasema.

Basi nikatwanga. Nikachekecha kwa kipande cha chandarua, nikatwanga tena makapi. Nilikuwa nasema "sukali", kama tunavyosema kwetu, nawe ukanirekebisha: "Sukari, mdogo wangu. Ukisema sukali wageni watadhani ina pilipili." Hukunicheka kwa ubaya. Ulinishika mkono ukanionyesha namna ya kuiponda kwa kuzungusha mchi badala ya kuupiga.

Kila nilichodhani ni cha wenye nacho, wewe ulikitoa jikoni. Weupe wa yai na matone ya limau, ndiyo povu. Rangi nyekundu ni maji ya bitiruti, njano ni manjano ya mchuzi, na ya udongo ni kahawa nzito iliyochemshwa mpaka ikabaki kijiko. Hiyo ya kahawa ilikuchekesha sana, kwamba sisi tunaoilima hatuinywi, tunakunywa chai, halafu tunakuja kuila kwenye keki. Koni ya kuchorea uliikata kwenye kalenda ya mwaka uliopita, kwa kuwa karatasi yake inateleza na hailowi upesi. Keki uliiweka juu ya lile gurudumu la mbao la kuzungushia waya, waliloacha wajenzi wa reli, ukalizungusha kwa kidole huku mkono wa pili umetulia. Watu walikuonya kwamba unafundisha bure na mwisho utakosa wateja. "Keki za mji mzima nitazimaliza mimi?" ukawajibu.

Hata ulipougua ukaishiwa nguvu hukuacha. Ulikaa mkekani, mgongo ukutani, ukanielekeza kwa kidole. Zungusha. Punguza mkono. Pumua, mbona hupumui? Salima akipita na pochi yake kwenda kupanda gari la Vwawa kazini, ulikuwa unamwita aje ajaribu walau ua moja, naye anasema, "Mama, mikono yangu ya taipu hii," anakubusu kichwani, anakwenda. Ulikuwa unacheka. Mimi niliyekaa karibu yako niliona macho yako yanavyomfuata mpaka mlangoni. Kisha unaniambia tena kwamba ya harusi yake utaipamba mwenyewe, usipoweza kusimama utaipamba umekaa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, ugonjwa ukakuchukua.

Harusi ikasogezwa mbele mpaka baridi ianze. Nilipoona siku zinakaribia nilimwendea Salima kumuuliza keki aitakaje. Alikuwa anakunja nguo. Hakuniangalia. Alisema, "Mama Upendo, sitaki keki. Watu watakunywa chai na maandazi, inatosha. Wa kuipamba hayupo." Nikamwambia ninaweza. Akasema, "Najua unaweza. Ndiyo sababu sitaki."

Dada, neno lile lilinichoma. Nilikwenda nalo nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo. Nilidhani ananionea wivu, au ananiona nimekaa mahali pake. Baba Salima aliniambia nimwache, mtoto ana haki ya kuomboleza anavyojua. Nikamwacha. Nikafunika gurudumu la mbao kwa khanga nikalisukuma uvunguni.

Wiki ya harusi, Bana Chanda, yule mama wa Nakonde ng'ambo, akavuka mpaka kuja kutoa pole, maana msiba wako ulimkuta yuko mbali huko kwao. Alikuja na sukari kidogo amefunga kwenye kitenge, akampa Salima mkononi. Akamwita mama kwa lugha ya kwao, kisha akamwambia kwa Kiswahili chake kile cha sokoni, "Mayo, mama yako alipamba keki ya mtoto wangu, hakukubali nilipe. Hii ya kwako." Akanywa maji, akarudi kwao kabla mpaka haujafungwa.

Alfajiri ya siku ya pili yake Salima alikuwa mlangoni kwangu na kile kitenge. Alikuwa amevimba macho. Akasema, "Nifundishe. Sitaki unipambie. Nifundishe nipambe mwenyewe." Hapo ndipo nilipomwelewa. Lile neno halikuwa la wivu hata kidogo. Alikuwa hawezi kuvumilia mimi nijue kitu chako ambacho yeye hakukipokea.

Tulianzia kwenye kinu. Alitwanga kwa hasira, vumbi la sukari likampanda kwenye nyusi. Keki tuliioka kwenye sufuria yako kubwa, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko, siagi ya ng'ombe wa baba yangu. Ikaumuka vizuri, ikawa na rangi ya udongo uliolowa. Povu la kwanza lilikataa, kwa sababu bakuli lilikuwa na mafuta, nami sikumwambia mapema alifute kwa limau. La pili likasimama. Nilimwambia aligeuze bakuli juu chini, kama ulivyokuwa ukinifanyia mimi, na povu halikudondoka. Akacheka. Dada, alicheka kama wewe, na pua juu.

Alhamisi asubuhi tulipaka. Nilimwonyesha kuchovya kisu kwenye maji ya moto na kulaza uso wa keki, kisha akachora mistari ya kingo kwa uma, na maua akayajaribu kwa koni. Yalikuwa maua ya mwanafunzi, mengine mawingu tu. Lakini yalikuwa yake. Tukaiweka chumbani ikauke, nikaifunika kwa kawa, nikaenda kumpikia baba Upendo. Salima akaona inachelewa kukauka. Akafungua dirisha, akaondoa kawa.

Upepo wa Tunduma unaujua. Na siku ile malori yalikuwa yamepanga mstari mpaka nje ya mji yakingoja kuvuka. Niliporudi nilimkuta amesimama katikati ya chumba na mikono kichwani. Keki ilikuwa imegeuka nyekundu. Vumbi lilikuwa limenasa kwenye sukari mbichi kama limekandikwa.

Sikumgombeza. Nilichukua kisu, tukakwangua yote, maua na mawingu, mpaka keki ikabaki uchi na makovu ya kisu ubavuni. Sukari iliyobaki kwenye kinu haikujaza kikombe cha kahawa. Hapakuwa na nyingine dukani, na harusi ni kesho. Ndipo Salima alipokaa chini sakafuni akalia. Kilio ambacho hakukilia msibani, maana msibani alikuwa akihudumia wageni, ananawisha watu mikono, anatafuta mikeka. Alilia akikuita. Nilikaa naye. Mimi pia nililia, lakini kimya, nisimchukulie kilio chake.

Aliponyamaza aliniuliza, "Mama angefanyaje?"

Nilitazama kile kikombe cha sukari. Halafu nikakumbuka wiki yangu ya kwanza kwako, mkono wangu bado unatetemeka, ulivyoninyang'anya koni ukasema mimi bado, nianze na karatasi. Ukakunja ukurasa wa daftari, ukaukata matundu kwa mkasi, ukaulaza juu ya keki kavu, ukachekecha sukari kidogo juu yake na kuinua. Ulisema hii haihitaji mkono wala povu, inahitaji mtu asiyekohoa.

Nilipomweleza Salima alifuta pua, akaomba mkasi. Mimi nikataka kumsaidia kukunja, akanipokonya. Karatasi ni zake, dada! Miaka yote ile ya ofisini. Alikunja mara nyingi kuliko ninavyojua mimi, akakata bila kuchora, akaikunjua. Ilikuwa ukili, ule msuko wa mikeka ya kwenu Tanga, mistari inayopishana juu na chini, imejaa duara zima. Sikuwahi kumfundisha hiyo. Nadhani ameitazama maisha yake yote akiwa amelala juu yake.

Ila ujue sukari kavu ukiiweka mapema keki inainyonya na mchoro unapotea. Haikuwezekana kuipamba Alhamisi. Ilibidi ingoje mpaka dakika ya kuliwa, na dakika ile Salima atakuwa bibi harusi, amekaa kitako na shela, na hina mpaka viwikoni. Nikamwambia basi nitachekecha mimi. Akasema hapana.

Ijumaa, walipoleta habari kutoka uani kwamba ndoa imepita, wanawake walipiga vigelegele mpaka watoto wakaziba masikio. Nikaingiza keki. Nikaona wanavyotazamana. Keki ya harusi, ya mtoto wa Zuhura, na haina kitu! Mmoja akamnong'oneza mwenzake. Salima akajifunua shela, akainuka, akapiga magoti mbele ya meza. Nikalaza karatasi. Akachukua kile kipande cha chandarua chenye sukari kwa vidole vyake vyenye hina, akaanza kukigongagonga taratibu, akizunguka. Nilimwona amebana pumzi, nikamwambia polepole, "Pumua."

Tuliinua karatasi pamoja, yeye upande huu, mimi ule.

Ilitoka safi. Ukili mweupe juu ya keki ya udongo, hakuna uzi uliokatika. Bana Chanda, aliyekuwa amevuka tena, akasema "Mayo!" akashika mdomo. Wanawake wakauliza nani amebuni, na Salima akajibu kwa sauti ya juu ili hata waliokaa mlangoni wasikie, "Mimi, binti Zuhura." Wale watu wa kwenu waliokuja kwa treni wakaanza kulia na kupiga vigelegele kwa pamoja, sijawahi kusikia mlio kama ule.

Kipande cha baba Salima nilimpelekea mwenyewe uani. Alikitazama kwanza. Alikula chote, akalamba sukari kwenye kidole gumba, akaomba kingine akampe bwana harusi kwa mkono wake.

Sasa Salima yuko Saza na mume wake. Nyumba yenu imekuwa pana mno. Na mimi nimepata jambo, ndilo lililonifanya niandike leo. Wanawake wa kijiji kimoja kule Ibaba wamesikia habari za harusi. Wana maziwa, wana mayai, ngano wanalima wenyewe, ila hawajui la kufanya zaidi ya mkate. Wameniomba niende nikawafundishe kuoka na kupamba. Mimi niliyeishia darasa la nne, nisimame mbele ya watu! Nilikataa mara ya kwanza. Waliporudi kuniuliza nilikubali kabla sijajua nimekubali. Kesho napanda gari.

Naogopa, dada. Ningependa uwe kwenye kona ya chumba kile, hata bila kusema.

Sina ninalojua la kukuombea ila hili la kwetu, kwamba Mungu akulaze mahali pasipo na upepo wala vumbi. Lala salama, dada yangu. Nakuahidi sitamficha mwanamke hata mmoja chochote ulichonipa. Na kabla sijavunja yai la kwanza, nitawaambia aliyenifundisha aliitwa Zuhura, nami nitawaomba walitaje jina hilo wote, kwa sauti, mmoja mmoja.

Mdogo wako,
Mama Upendo