Siku Koech Alikubaliana na Mimi

Ijumaa asubuhi. Nakuru kumeamka na ile baridi ya kuingia kwa mifupa. Mimi bado niko kwa kitanda na sweta mbili, chai iko hapa kwa stuli. Leo hatuendi kazi, na nitasema ni kwa nini.

Jana ilikuwa siku mbaya iliisha vizuri, ama siku nzuri ilitaka kutuulia mtu. Sijui niiweke wapi.

Kama ni mara yako ya kwanza kusoma hapa, niite Kimani, na kazi yangu ni kukata miti kwa maploti ya watu. Si msituni, hapana, sisi si wale. Sisi ni ile miti imezeeka kwa boma la mtu, imelalia paa, imeshika waya ya stima. Tuko watatu. Koech ndiye anapanda. Ouma ndiye wa power saw, ule msumeno wa injini, anainoa, anaitengeneza, hataki mtu mwingine aiguse. Mimi nashika kamba huku chini. Tawi likikatwa halianguki ovyo, linaning'inia kwa kamba yangu na mimi nalishusha polepole mpaka lilale. Hiyo ndiyo kazi.

Na kazi yangu ya pili ni kuongea.

Watu hucheka nikisema hivyo, lakini ni kazi kabisa. Mtu akiwa juu kwa majani humuoni vizuri. Unaona kiatu, unaona mkono, basi. Sasa akinyamaza utajua aje kama anafunga kamba, ama ameumwa na nyuki, ama ameishiwa na nguvu? Kwa hivyo kwetu sheria ni moja: saw ikizimwa, stori inaanza. Mimi narusha neno, yeye anarudisha. Hata kama ni matusi, bora arudishe. Tumefanya hivyo Nakuru yote, mpaka Naivasha kule Kihoto, wakati ziwa liliingia kwa nyumba za watu na miti ikaanza kufa imesimama kwa maji. Hapo tulibishana siku nzima nani alaumiwe. Koech alisema ziwa halina makosa, limerudi tu kwake. Mimi nikasema makosa ni ya mwenye aliuza ploti. Ouma akasema makosa ni yetu sisi tunapiga domo na maji inapanda. Hatujamaliza hiyo mpaka leo.

Kwa sababu Koech hakubaliani na mimi. Hakubali tu. Huyu ni shemeji yangu, ameoa dada yangu Wambui, na tangu tukae kwa meza ya mahari hajawahi sema niko sawa kwa kitu yoyote. Nikisema kutanyesha, anavua koti. Mafuta ikipanda mimi nasema ni hawa wakubwa wetu, yeye anasema ni vita za ng'ambo. Hii bima mpya ya hospitali mimi naona ni ya kutukamua, yeye anasema tuipatie muda, hata ng'ombe mpya hukataa kukamuliwa kwanza. Na ile barabara kubwa ya Nairobi wanapanua, hapo usimwanzishe. Yeye anataka tulipe ndio ikae vizuri. Ati nenda Mai Mahiu uone vile malori yanakaa foleni mpaka nyanya zinaoza zikiwa safarini, utatoa pesa mwenyewe ukishukuru. Mimi nasema barabara ya kodi yangu siwezi kuilipia tena kama choo ya steji.

Hivyo ndivyo tunafanya kazi, na hakuna mtu ashawahi kasirika.

Jana tulikuwa Milimani kwa mama mmoja Mhindi, mjane, tunamwita Mama Bharat. Jacaranda yake ni ya zamani sana na mkono wake mmoja mkubwa umelala juu ya jikoni. Alileta kiti chake kwa veranda akatuambia hataki kuingilia kazi yetu, halafu akaingilia. Ati kamba iko karibu na maua. Ati hilo tawi waache ndege wakae. Anaongea ile Kiswahili ya dukani, inatembea haraka na inafika. Nilimpenda.

Asubuhi ilienda sawa. Koech alitoa yale matawi madogo, mimi nikashusha, tukarundika kando ya geti. Ikabaki ule mkono mkubwa. Saw ikazimwa, Koech akawa anajipanga huko juu. Mama Bharat alikuwa amelalamika tu hivi kwamba kijana wake akitoka Nairobi anamaliza siku hapo Gilgil kwa foleni. Nikaona hiyo ni yangu.

Nikaita juu, "Barabara imejengwa na kodi yetu, halafu tusimame kwa geti tulipe tena. Huo si wizi, Koech?"

Nikangoja matusi.

Halafu kwa majani ikatoka sauti ya pole, kama ya mtu yuko usingizini. "Ni ukweli, Kimani."

Ouma alikuwa anachanganya petroli na oili. Akaacha.

Kwanza, Koech haniiti Kimani. Huniita muthoni, kile Kikuyu chetu cha kuita mtu wa upande wa bibi, na hulivuta hilo neno akinitania. Pili, ni ukweli? Nikasema pengine amechoka, wacha nimjaribu na ingine. Kuna timu yake ya Uingereza, ikipigwa yeye hata hasalimiani. Nikamwambia hiyo timu haina kipa, ina mlango wazi, na msimu huu inashuka daraja.

"Sawa," akasema. "Ni ukweli."

Nikaweka kamba chini.

Nikazunguka mti nikitafuta mahali majani yameachana, na nikamuona. Amesimama, saw inaning'inia kando ya paja, mkono mmoja unapapasa ile kamba ya kuvuta ndio iwake. Na mshipi wake, ule unamshika asianguke, alikuwa ameutoa kwa shina akauzungusha kwa tawi. Si tawi lingine. Ni ule mkono mkubwa alikuwa anataka kukata. Ule ulikuwa unaenda chini, na yeye amejifunga nao.

Koech, mwenye alinifundisha kila fundo najua.

Ouma aliona pia. Akasema kwa sauti ya chini, "Asiwashe hiyo kitu."

Sasa wewe ungefanya nini? Ukipiga nduru, mtu amechanganyikiwa anaweza kushtuka aachilie. Mimi shule sikuenda mbali, lakini kuongea najua. Nikatoa ile sauti yangu ya kila siku. "Shemeji, shusha kwanza hiyo mashine. Cheni imelegea, Ouma anataka kuikaza."

Cheni haikuwa imelegea. Ouma akadakia hapo hapo, "Imelegea kabisa. Lete."

Koech akakaa kidogo kama mtu anajaribu kukumbuka maneno hayo ni ya nini. Halafu akaifungua, na saw ikaanza kushuka kwa kamba yake ndogo ikigongagonga shina. Nilipoishika mkononi ndio nikapumua.

Ouma hapandi miti. Magoti yake ni mabaya. Jana alipanda. Aliegemeza ngazi na akaenda, na mimi huku chini nikaendelea kuongea. Hata sijui niliongea nini. Nafikiri ni bei ya mbolea, na viazi vya ndugu ya Koech kule Keringet, kama mvua imeviharibu. Kila kitu nikiuliza ananijibu ni ukweli, ni ukweli. Jamani, nilitamani anitukane hata mama yangu. Ouma akamfikia, akarudisha mshipi kwa shina, akaanza kumteremsha akimwonyesha kila mahali pa kukanyaga.

Alipofika chini alikuwa amelowa jasho, na jua halikuwako. Mikono inatetemeka. Ananiangalia na hanioni.

Mama Bharat alitoka kwa kiti chake, akamshika kidevu akamgeuza uso. "Huyu sukari imeshuka," akasema. "Baba Bharat alikuwa hivi hivi." Akaingia ndani mbio, akarudi na chai ya asubuhi imepoa, imejaa sukari, na kipande cha sukari nguru. Akamlisha na mkono wake mwenyewe, na kila Koech akitaka kusema kitu anamwambia kunywa, baba, kunywa.

Polepole macho yake yakarudi.

Hapo ndipo yote yalitoka. Koech ana ugonjwa wa sukari. Aliambiwa tangu mvua ya masika na akapewa tembe, na hizo tembe anazificha kwa ule mfuko wa makamba, hakuna mtu anajua. Na hii wiki kanisa lao wanafunga na kuomba. Nyumba yote. Wambui hapiki mpaka jioni. Sasa Koech angekula asubuhi, Wambui angeuliza wewe unakula kwa nini? Kwa hivyo hakukula. Alimeza tembe na tumbo tupu, akapanda mti.

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia. Nikabaki nimeshika tu kikombe.

Nikamuuliza mbona hakumwambia bibi yake. "Wambui ndiye aliosha kidonda cha baba yenu mpaka siku wakakata mguu," akasema. "Nitamwambia aje aanze tena?"

Baba yetu sukari ilimmaliza kidogo kidogo, na ni Wambui alikuwa naye. Mimi nilikuwa nakuja Jumapili na ndizi, napiga stori, naenda.

Halafu akanishika shati. "Muthoni, usimwambie. Hiyo mdomo yako naijua."

Ouma ndiye alijibu, na Ouma si mtu wa maneno. Alikuwa anapangusa saw na kitambaa, hakuinua kichwa. Akasema kesho hataiwasha hiyo mashine, na kesho kutwa hataiwasha, kama Wambui hajui. "Siku ukianguka, mimi siwezi kwenda kwa mama ya watoto wako na kofia mkononi, nimwambie tulikuwa tunajua."

Koech akasema basi tumemmaliza. Mtu wa juu akishasemwa ni mgonjwa, nani tena atampatia mti? Na hapo siwezi danganya, ana haki ya kuogopa. Mwenye boma akisikia mpandaji ana sukari, anatafuta wengine. Na si kazi peke yake. Huyu mtu amekuwa wa juu tangu ujana wake. Ukimwona amekaa chini, unaona mtu anangoja kuitwa.

Mama Bharat akasema mti wake haukimbii. Jikoni imekaa chini yake miaka yote, itakaa tena kidogo. Akatufungia chapati kwa karatasi na akasimama hapo kwa geti mpaka Koech akala moja yote. Tukafunga vitu tukaenda.

Sasa ikafika jioni.

Dada yangu hunipigia kila jioni. Koech akifika nyumbani hasemi kitu, anavua viatu tu, kwa hivyo mimi ndio redio ya Wambui. Mimi ndio humwambia tulikuwa kwa nani, nani alitulisha, nani alitukanana na nani. Jana simu ililia nikikoroga sukuma kwa sufuria.

Nikaanza na Mama Bharat. Nikamwambia ya veranda, ya maua, ya ndege. Nikajisikia naongea mbio sana. Ile ingine yote ilikuwa hapa kwa ulimi. Ningeisema, na ningeisema vizuri, mpaka ile jasho yake, mpaka vile mshipi ulikuwa. Mimi najua kusimulia. Na dada yangu angelia akiwa amesimama peke yake jikoni, na bwana yake kwa chumba kingine akisikia shemeji yake amemtangulia kusema.

Akanikatiza. "Koech mbona amekaa tu kwa kitanda na viatu? Nimeita chakula haji. Mmegombana?"

Nikasema hapana.

"Kimani. Ni nini?"

Nikashika hiyo simu na mikono yote miwili. Nikamwambia, "Wambui, zima jiko. Nenda ukae karibu na yeye, usimuulize ukiwa umesimama. Kuna kitu anataka kusema, na ni yake kusema."

Hakukata, nafikiri alisahau ameshika simu. Nikasikia jiko likizimwa. Nikasikia slipa zake, mlango, kitanda kikilia alipokaa. Halafu kwa mbali sauti ya Koech, nyembamba kabisa. "Wambui, si unakumbuka zile dawa za baba yenu…"

Nikakata simu.

Mimi. Stori ndiyo inaanza, wenyewe bado wanaongea, na mimi nimekata.

Sukuma ilikuwa imeungua. Nikaila hivyo hivyo.

Leo asubuhi Koech amenipigia kutoka kwa foleni ya kliniki, wako na Wambui. Akasema niandike, kuna watu wengi wa kazi hii wanameza tembe kwa kujificha na wanapanda. Majina tu nibadilishe. Nimebadilisha, mpaka langu. Nikamuuliza nani atapanda huo mkono wa jikoni, akasema tungoje daktari aseme kwanza, na kama ni hapana, basi Ouma tumtafutie dawa ya magoti. Akacheka kidogo. Sikuwa nimemsikia akicheka kitambo, na sikuwa nimegundua.

Nikamuuliza Wambui alisema nini jana. Akasema hiyo ni yao wawili.

Nikamwambia sawa, weka simu, foleni isikupite.