Mgonjwa wa Nyuma ya Machinjio

Kitengela, 9 Machi 2003

Mwiitu wa mwaitu, binti ya mama yangu, Phylis,

Habari ya Loitokitok na hiyo baridi ya mlima? Huku tuko wazima, ni magoti tu inanisumbua. Nimepata kazi ya kujitolea, kuosha wagonjwa manyumbani. Sista Evalyne wa kliniki alituapisha na Biblia, mambo ya mgonjwa isitoke kwa nyumba yake. Mimi na hii mdomo. Hata yeye alicheka.

Sasa nakuambia wewe tu. Niko na mmoja huku nyuma ya machinjio, Mmaasai anaitwa Simel, anakaa peke yake. Namwosha na maji moto lakini ngozi haishiki joto. Mbuzi za watu hazipiti mlango yake, zinazunguka. Ameniomba ndugu zake wa huko kwenu wasijue yuko, watamtoa. Usiseme.

Dada yako,
Kalunde

Loitokitok, 30 Machi 2003

Dada Kalunde,

Salamu nyingi. Watoto wamepona homa, tunashukuru Mungu. Dada, nimekosa. Kuna Mmaasai wa hapa, Saning'o, hununua nyanya kwangu sokoni, nikamuuliza, "Simel wa huko Kitengela nyuma ya machinjio si ni ndugu yako? Anaendeleaje?" Wamaasai wote hapo wakanigeukia. Kumbe hawa hawataji jina ya mtu amekufa. Bibi ya Saning'o akanivuta kando, akasema huyo walimzika mwaka jana, wakanyoa nywele ya matanga. Saning'o aliacha nyanya hapo akaenda. Nasikia wanakuja huko kuangalia. Dada, unaosha nani?

Mdogo wako,
Phylis

Kitengela, 13 Aprili 2003

Phylis wangu,

Umeamkaje? Siwezi kukukasirikia, hiyo mdomo tulipewa na mama mmoja, na ni mimi nilianza.

Nilienda kwa Sista nimwambie yote. Akauliza, "Ni mgonjwa gani?" Nikaona nikisema, huyu mtu atapelekwa wapi? Nikamwambia nimesahau. Kusahau, mimi.

Jumanne nikikoroga uji hapo nje kwa Simel, huyo Saning'o wako akafika na mwenzake.

"Sopa, mama. Ndani kuko nani?"

"Hakuna mtu. Hii ni stoo ya kanisa."

Hapo hapo mtu akakohoa ndani. Kikohozi ya kifua, ndefu. Saning'o akashika mwenzake mkono, wakarudi nyuma nyuma mpaka barabarani, hata kuniaga hapana.

Nikaingia na uji nikicheka. "Simel, ungemeza hiyo kikohozi. Karibu utuharibie."

Akaniangalia. "Mama, si mimi nimekohoa. Nilifikiri ni wewe."

Uji alimaliza. Kesho nabeba vikombe viwili.

Dada yako,
Kalunde