Viatu Nilivyovua Kariandusi

Baba,

Nimeketi juu ya gunia tupu hapa Kariandusi, tunakochimba udongo mweupe. Nimechoka. Vumbi linaingia hadi kwenye chai. Ungeniona leo ungedhani nimekuwa mzungu.

Ndugu yangu Kazungu alinipigia simu kutoka nyumbani. Anasema tangu tukuzike, kaya haina mlinzi. Msitu mtakatifu wa mababu, Baba, na njia yake imezibwa na magugu. Mtu ameukata ule mtandarusi wa langoni walikokuwa wakilala mbega wako. Chemchemi bado ina maji, lakini akina mama wanauliza, hadi lini? Wazee wanataka mwanao mmoja ashike nafasi yako kabla ya maombi ya mvua. Mguu wa Kazungu hauponi. Nimebaki mimi. Wakinikosa watampa binamu yetu, na huyo unamjua. Anachoma makaa.

Nikamwambia nitafikiria. Kusema kweli, sikutaka. Kazi yako haikuwa na mshahara. Uliulinda msitu ule maisha yako yote, ukafa na mashati mawili. Wanangu wanakula kwa koleo hili.

Jumapili nilienda kutafuta kuni na wenzangu wawili, kwenye kichaka kilicho juu ya machimbo. Ndani kuna kivuli na baridi, pimbi wanalia miambani. Nikainama nikavua gambuti. Sikufikiri, Baba. Mikono ilifanya yenyewe, kama ulivyotufundisha kuvua kwenye lango la kaya.

Njoroge alicheka hadi akakaa chini. "Wee Mpwani, umeingia msikitini? Hiyo miiba haina dini!"

"Mwache, boss," mwenzake akasema. "Pengine ameona nyoka kwa kiatu."

Nikacheka nao. Lakini kuni sikuweza kuokota, hata kijiti kikavu. Nilikusikia: "Kilichoanguka kayani ni cha kaya." Na pale si kayani, najua. Nilirudi mikono mitupu, nikala sima baridi.

Nitakuja, Baba. Mwezi huu ukiisha. Mama watoto amenuna, na simlaumu. Tutalima mihogo, tutaona.

Nyayo zangu zimelainika ndani ya gambuti. Siku za kwanza nitachechemea.

Wewe pumzika. Ukisikia mtu anafagia njia ya kaya huku akiitukana miiba, usishtuke. Ni mimi.

Mwanao,
Karisa