Yaya Haombi Mara Mbili

Alhamisi, mwezi wa kumi.

Joto tangu asubuhi. Mawingu yamekusanyika upande wa kaskazini, lakini mvua imekataa kushuka. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Miezi michache iliyopita niliandika hapa hapa kuhusu nyumba wanakotunzwa watawa wazee, anakoishi dada yangu mkubwa Filomena, ambaye tangu utotoni namwita Yaya. Nilisifu sakafu inayong'aa, mashuka meupe, maua mbele ya kikanisa. Nilisema Yaya amepata uzee mzuri kuliko sisi tuliozaa.

Nilikuwa nimetazama sakafu.

Leo nimempelekea uji. Nilipomwinua ili anywe, nikasikia harufu nyingine chini ya ile ya sabuni. Nikafunga mlango, nikafunua shuka. Chini ya mgongo, pale mfupa unapogusa godoro, kuna kidonda kipana kama mdomo wa kikombe, ukingo wake mweusi. Kidonda cha namna hiyo hakiji kwa siku moja. Yaya hawezi kujigeuza tangu alipopata kiharusi. Kengele iko mezani, karibu na mkono wake mzima.

Nikamuuliza kwa nini haipigi.

"Niliomba siku moja," akasema. "Bea alikuwa na kazi." Bea ndiye msaidizi wao.

Yaya na wenzake walipokuwa wanovisi, bado wakijifunza utawa, walifundishwa kuomba mara moja tu. Ukipewa, shukuru. Usipopewa, jifunze kukosa na umtolee Mungu. Yaya ana miaka themanini na mbili na bado anaishi hivyo. Wote kumi na mmoja humo ndani wanaishi hivyo. Kengele ya jirani yake ina vumbi.

Nami nilipaswa kulijua hilo. Tulipokimbia vita kutoka kaskazini, mimi na watoto tulikaa miaka miwili katika nyumba ya watu mjini hapa. Nilijifunza kula bukari, ugali wa hapa, kwa mboga isiyo na chumvi badala ya kuiomba chumvi mara ya pili. Wenyeji wetu walikuwa wakiwaambia majirani kwamba hatuna shida yoyote.

Bea hufanya kazi peke yake kutwa nzima. Nilimkuta jikoni akisaga vidonge vya wagonjwa. Nilipomweleza aliketi, akashika kichwa.

"Mama, ule haombake kintu," akasema. "Tunamuitaka mutakatifu. Nilizani iko muzuri."

Nilimwamini kwamba kweli alidhani asiyeomba hana shida. Utaratibu wa nyumba ni kwamba anayepiga kengele ndiye anayegeuzwa. Kwa wagonjwa wa kwingine ungetosha.

Niliporudi chumbani, Yaya alikuwa amekwisha kujua ninakotaka kwenda. Akanishika mkono.

"Usiende kwa Mama Mkuu. Batamufukuza Bea. Nyamaza, mudogo yangu. Iko kidonda yangu, haiko yako."

Nilimwahidi. Nilimtazama machoni nikaahidi, kisha nikatoka moja kwa moja hadi ofisini.

Mama Mkuu alinisikiliza akiwa amesimama. Alisema, bila ubaya, kwamba tangu aanze kuiongoza nyumba hii hakuna hata mmoja aliyelalamika. Nikamwambia kwamba hapo ndipo shida ilipo. Nikaomba wageuzwe kwa kufuata saa, si kengele, na Bea apewe mwenzake badala ya kufukuzwa. Akasema ataliombea jambo hili. Nikaomba tena. Akatazama mlango. Nikaomba mara ya tatu, ndipo akachukua miwani yake na kusema nimwonyeshe.

Alipofunua shuka alivaa miwani, akainama. Kisha akamwita Bea alete maji ya uvuguvugu, tukamgeuza sisi watatu. Akatuma daktari aitwe. Halafu akaingia chumba cha pili, na cha tatu, akifunga mlango kila mara nyuma yake. Alipotoka katika kile cha tatu uso wake ulikuwa umebadilika. Vidonda haviko kwa Yaya peke yake.

Kuhusu Bea hakuahidi lolote. Nilimwacha ukumbini amesimama na beseni tupu, akimsubiri Mama Mkuu.

Yaya hakulia wakati tukimwosha. Wala hakunitazama. Nilipomuaga alifumba macho, akauficha ule mkono mzima chini ya shuka.

Tangu nirudi nyumbani Makomeno ninajiuliza: nimemtetea, au nimemnyang'anya kitu cha mwisho alichokuwa nacho, kile alichokuwa akimtolea Mungu wake bila kumwambia mtu? Na Bea akifukuzwa, nani atakuwa amemfukuza?

Najua tu kwamba asubuhi nitarudi, na beseni langu na kitambaa safi. Asiponisemesha, nitamgeuza hivyo hivyo, akiwa amenikasirikia.